Mpini wa Unga

Kwetu kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Anayetoa hukiweka chini, juu ya meza au juu ya mkeka, na anayetaka hukiokota mwenyewe. Ukimpa mtu kisu mkononi mtagombana. Ndivyo mama yangu alivyofundishwa Unguja, na ndivyo alivyotufundisha sisi huku Satwa, Dubai, katika jiko ambalo watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja kutoka nje kwanza. Mimi sina subira na watu wa ndege mbaya na paka weusi. Lakini hili la kisu sikuwahi kukaa nikajiuliza kama naliamini. Limo mkononi tu, kama kuvua viatu mlangoni.

Naanza nalo kwa sababu ndilo lililonikosesha kisu nilichokingoja muda mrefu kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Mimi ni mwanamke wa makamo, sina mume, nina visu. Watu wakisikia hivyo husogeza kiti nyuma kidogo. Wengine hukusanya saa, wengine mikoba, na hakuna anayewauliza kitu, lakini mwanamke mwenye kabati la visu vilivyofuliwa kwa mkono lazima ajieleze. Mama yangu ndiye aliyekuwa hakimu mkali kuliko wote. "Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama," alikuwa akiniambia, amesimama mbele ya kabati langu, mikono nyuma. "Wewe una kabati zima, na usiku unakula tambi za kuchemsha maji. Hata mbuzi wa kukunia nazi huna!"

Ilikuwa kweli. Visu vyangu havikati kitu. Navipangusa, navipaka mafuta, navirudisha. Yeye ndiye aliyekuwa mkataji.

Na alikata kwa mkono wa kushoto. Alipokuwa mtoto walimfunga mkono ule kwa kipande cha kanga ili aache, akaacha mambo yote isipokuwa hilo moja. Alikula kwa kulia, akaamkia kwa kulia, akatoa na kupokea kwa kulia, na hakuna mgeni aliyewahi kumwona akikosea. Ila akishika kisu, kinahamia kushoto chenyewe. Kwenye harusi za jamaa zetu pale Satwa, wanawake walipokaa kumenya na kukata, yeye alijua mahali pake bila kuambiwa, mwisho kabisa wa mkeka, upande wa ukuta, ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani. Mimi nilikaa upande wake wa kulia. Nimekulia hapo.

Visu vya madukani havikumpenda. Vingi hunolewa upande mmoja zaidi, kwa ajili ya watu wa kulia, na mkononi mwake vilikimbilia pembeni. Vipande vyake vya mkate siku zote vilitoka vinene juu na vyembamba chini. Yeye alidhani ni kasoro yake. Alidhani hivyo maisha yake yote, mpaka mimi, kwa ugonjwa wangu huu wa visu, nikajua kwamba kasoro ni ya kisu.

Basi nikamwagizia kimoja. Kila mwaka hapa Dubai kuna maonyesho ya visu katika ukumbi wa hoteli, na huko namjua fundi mmoja kutoka kusini kabisa mwa Afrika, baba mrefu anayevaa aproni ya ngozi na kuzungumza kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Huchukua oda chache sana. Aliponikubalia, aliniomba umbo la mkono wa mama, si kipimo cha kuandika, umbo lenyewe. Nikarudi nyumbani, nikakanda unga wa ngano na chumvi nyingi, nikaukandika kwenye mpini wa mwiko uliovunjika, nikamwambia mama aushike kama anakata nyanya.

"Umeingia wazimu?" akaniuliza. Lakini alishika. Alibana vizuri, kidole cha shahada kimelala juu kama kawaida yake, akanirudishia. "Haya. Kapike ngumi yangu."

Nikauanika mpini ule wa unga kwenye kibaraza, kwenye jua la Agosti, ukawa mgumu kama jiwe. Kila kidole chake kilikuwa na shimo lake. Nikamtumia fundi, nikakaa kungoja, na mama sikumwambia ni wa nini.

Kiharusi kilikuja kabla ya kisu. Kilimchukua upande wa kushoto.

Ulimi wake kilimwachia, alhamdulillahi, na ukali wake wote. Mdomo umeinama kidogo tu. Lakini mkono ule haukurudi. Ulijikunja ukawa ngumi, ngumi isiyofunguka, kucha zinachimba kiganja, na hauhisi kitu, ukiuchoma kwa pini mama anaendelea na mazungumzo. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alisema ufunguliwe kila siku, uoshwe ndani, ukaushwe, kisha uwekewe kitambaa kilichoviringwa ili kiganja kisioze. Akasema itapendeza akifanya mtu wa nyumbani.

Tulihamia mtaa wa Discovery Gardens, nyumba ya chini, kwa ajili ya kiti chake cha magurudumu. Nikampata dada mmoja wa Kiuganda, Mkristo mpole asiyeogopa kitu, na kila asubuhi yeye ndiye aliyeufungua mkono. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha chai. Sikuwahi kuugusa. Nilimwogesha mama, nilimlisha, nilimbeba chooni, lakini mkono ule nilipita mbali nao kama mtu anayepita mbali na nyumba ya mtu aliyegombana naye. Mama alikuwa akinitazama pale mlangoni, kisha anatazama dirisha.

Wala sikuwa nalia. Watu walikuja kunipa pole, na mimi nikawapa pole wao. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya jino, mdomo upo, unauona kwenye kioo, lakini si wako. Kazini nilisifiwa kwa utulivu.

Ndipo fundi akaniandikia kwenye simu kwamba kisu kiko tayari na atakuja nacho kwenye maonyesho. Ningeweza kumwambia yaliyompata mama. Nilimjibu, "Inshallah tutaonana."

Asubuhi ya siku yenyewe nilimwambia mama huenda nisiende. "Nenda," akasema. "Ukibaki utakaa kunitazama kama maiti, na mimi bado sijafa." Nikaenda.

Maonyesho ya visu ni mahali pa kimya kuliko mtu anavyodhani. Meza ndefu zimetandikwa vitambaa vyeusi, visu vimelala, na wanaume wanapita wameinamisha vichwa kama wako msibani. Utawajua wazoefu kwa mikono yao, maana wana vipara vidogo vidogo kwenye nywele za mkono, pale walipojaribia makali. Huko kuna adabu. Unaomba ruhusa kabla ya kuokota. Hugusi bapa kwa vidole, kwa sababu jasho huacha alama. Ukishatazama, unakirudisha mezani pale pale, na mwenyewe anakipangusa kwa ngozi laini mbele yako, bila kinyongo. Ndiyo maana miaka yote hiyo mila yangu haikuwahi kunisumbua. Visu viko mezani, mimi naokota, mimi natua. Wao walidhani nina adabu za maonyesho, kumbe nina adabu za mama yangu.

Mwaka mwingine ningezunguka meza zote kwanza, polepole, kwa uroho. Safari hii nilikwenda moja kwa moja. Fundi aliniona kwa mbali akatabasamu. Nyuma yangu kulikuwa na watu wawili watatu wamesimama, maana mezani kwake hapakosi watu. Kwake kuna sheria inayojulikana, kwamba oda isipochukuliwa na mwenyewe, inakwenda kwa yeyote aliyesimama pale na kuitaka. Wengine husimama siku nzima wakiomba Mungu mwenzao akatae.

Hakukiweka mezani. Hapo ndipo yote yalipoanzia. Alikitoa kwenye kisanduku chini ya meza, akakifungua kutoka kwenye kitambaa, akakigeuza mpini kwangu, akaushika upande wake kwa ncha za vidole na kunyoosha mikono yote miwili. Kwao hiyo ndiyo heshima kubwa, fundi akikukabidhi kisu mwenyewe.

Nikakitazama. Mpini ulikuwa wa mti mweusi, na mashimo ya vidole vya mama yalikuwamo yote, yamelainishwa. Kilikuwa kizuri. Najua kilikuwa kizuri, kwa namna mtu anavyojua kwamba leo ni Jumamosi.

Na mikono yangu ikabaki chini. Nilikuwa namngoja akitue.

Yeye naye alikuwa ananingoja mimi. Tulikaa hivyo, mtu mzima na mtu mzima, kisu kiko hewani, na uso wake ukaanza kubadilika. Kwao mtu asiyenyoosha mkono amekataa.

"Hukukipenda?" akaniuliza kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake ndogo.

Ilikuwa rahisi sana kusahihisha. Kiweke tu mezani, maneno matatu, na angecheka, na mimi ningecheka. Maneno yalikuwapo kinywani. Lakini nilifikiri nikikipeleka nyumbani itabidi nimwambie mama ni cha mkono gani. Na kitu fulani ndani yangu, kitu kilichochoka, kikasema, basi, mlango huu hapa, pita.

"Ni kizuri," nikasema. "Mpe mwingine."

"Una hakika?"

"Khalas, yamekwisha."

Nyuma yangu bwana mmoja wa kanzu nyeupe, mwenyeji wa hapa hapa, akasogea. Hakunisukuma. "Ukhti, una hakika?" akaniuliza na yeye. Nikamwambia nina hakika. Akakipokea kutoka kwa fundi kwa mkono wa kulia, akasema mashallah, kisha, alipodhani tumeacha kumtazama, kikahamia kushoto chenyewe. Vidole vyake vilikuwa vikubwa kuliko vya mama lakini viliingia. Aliponiona namtazama akaona haya, akakirudisha kulia haraka. Nilijua mahali alipojifunzia hivyo. Kila mtu kama yeye alikuwa na mtu wa kumfunga kanga.

Hapo nilisikia uchungu kidogo, wa kupita. Kisha ukaondoka.

Fundi alijaribu kuongea habari ya malipo, nikamwambia tutaandikiana. Nikageuka. Akaniita. Alikuwa ameinama tena chini ya meza, akatoa kifurushi cha karatasi. "Hiki ni chako kwa hali yoyote," akasema, na safari hii, sijui kwa nini, labda kwa kuogopa kukataliwa mara ya pili, hakuninyooshea. Alikiweka juu ya kitambaa cheusi.

Kwa hiyo nikakiokota.

Kilikuwa mpini wa unga. Alikuwa ameupaka gundi fulani usimeguke, unang'aa kama maandazi yaliyopakwa yai.

Pale mlangoni, walinzi hufunga visu vilivyonunuliwa ndani ya mifuko migumu ya plastiki. Mlinzi mmoja Mkenya ananifahamu, kila mwaka tunataniana. Aliufungua mfuko wangu akatoa kile kidude.

"Madam, hii nayo ni nini?"

"Unga."

"Unga? Kama wa chapo?" Akaugeuza, akautazama mwanga ukipita juu ya mashimo. "Mwaka huu hawakuwa na visu?"

"Walikuwa navyo."

Akanitazama vizuri, akaacha mzaha. Akaufunga kwenye mfuko kama kisu, na lakiri juu yake, akanitakia safari njema.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa sebuleni kwenye kiti chake, redio inasema peke yake. Yule dada alikuwa jikoni anakatakata vitunguu. Niliamkia, nikaitikiwa. Mama akatazama mkoba wangu.

"Umenunua kipi?"

"Sikununua."

"Wewe? Hukununua?" Akamgeukia dada jikoni. "Umesikia? Leo jua limetokea magharibi, Jebel Ali."

Dada akacheka. Mimi nilisimama katikati ya sebule na mkoba begani, na sijui ilikuwaje, nikamwambia yote. Nilimwambia habari ya unga, na oda, na kwamba kilikuwa cha kushoto, kimenolewa kwa ajili yake, kisingekimbilia pembeni, na kwamba mikate yake ile yote haikuwa kosa lake. Nilimwambia jinsi fundi alivyoninyooshea na mimi nikangoja. Nilisema kwa sauti ile ile niliyokuwa nikizungumza nayo na madaktari.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, kwa ule mdomo uliobaki, mabega yanatikisika.

"Akakupa mkononi?"

"Mkononi."

"Na wewe ukakaa."

"Nikakaa."

"Mwanangu weye!" Akajifuta jicho kwa mkono wa kulia. "Kwani hukuwa na mdomo? Si umwambie tu akitue?" Akacheka tena, kisha akanitazama bila kucheka. "Hukutaka."

Nilishusha mkoba begani.

"Maji yakishamwagika hayazoleki," akasema. "Na ningekifanyia nini? Leta huo unga niuone."

Nikakata ule mfuko wa walinzi kwa mkasi, nikautoa. Nikaanza kumpa, nikakumbuka, ingawa haukuwa kisu, nikauweka juu ya meza yake ndogo. Akauokota kwa kulia. Aliugeuza muda mrefu. Alitia kidole gumba cha kulia kwenye shimo la gumba la kushoto, halikumkaa, akakitoa.

"Ulikuwa na nguvu," akasema. Alizungumza juu ya mkono kama jirani aliyehama.

Dada wa Kiuganda alikuwa ametoka jikoni anajifuta mikono, maana ulikuwa wakati wa kubadilisha kile kitambaa. Alipouona ule unga alielewa kabla yangu. "Bibi, hii inaweza kaa pale kwa mkono. Mahali ya kitambaa." Akaanza kupiga magoti.

"Wewe kaa," mama akamwambia. "Leo afungue yeye."

Nilisema sijui namna. Mama akasema kila asubuhi nasimama mlangoni nikitazama, basi kama sijajua mimi ni mjinga. Nikapiga magoti upande wake wa kushoto, upande wa ukuta. Maisha yangu yote sikuwahi kukaa upande ule.

Dada alinielekeza kutoka pale alipoketi. Usivute vidole, Madam, utamvunja. Kunja kwanza kifundo, kilete chini, pole pole, vidole vitalegea vyenyewe. Nikaushika. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu baridi. Miezi yote ile, pale mlangoni na chai yangu, nilikuwa na hakika kwamba ni baridi. Mkono ulikuwa na joto, joto la kawaida, la mama, kama la ule wa kulia uliokuwa ukinipima homa. Nilikasirika kwamba hakuna aliyeniambia. Nilikunja kifundo chini kama nilivyoambiwa, na ngumi ile ikalegea, gumba kwanza, kisha vingine, na nikaona kiganja, cheupe, kimekunjamana, na alama nne za kucha.

Nikakitoa kile kitambaa kilichoviringwa. Nikaingiza mpini wa unga. Vidole vilirudi kujifunga kimoja kimoja, na kila kimoja kikaenda kwenye shimo lake. Cha shahada kikalala juu, kama anakata nyanya.

Mama alikuwa akitazama dirisha. Kwa upande ule hakuwa na njia ya kujua.

"Umeshaingia?" akaniuliza.

"Umeingia."

"Umekaa sawa?"

"Umekaa mahali pake, mama."

"Basi uwache upumzike. Umeuwacha?"

"Nimeuacha," nikasema, na nilikuwa bado nimeushika.